UZI: Ukifika kwenye tenzi za kale darasa linalala. Wenzangu mnafanyaje?

#1 Chaki Nyeupe

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tano, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), shule ya bweni huku Dodoma. Mwaka wa tisa huu. Kila nikikaribia ushairi wa kale kwenye azimio la kazi, moyo unanienda mbio, maana najua kinachokuja: kipindi cha saa nane mchana, watoto wametoka kula makande, mimi naandika ubaoni UTENZI WA MWANA KUPONA (wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake, kwa Kiswahili cha Lamu), 1858, kisha mwandishi, kisha dhamira, kisha ujumbe, kisha fani. Wao wananakili. Mwaka juzi mmoja alikoroma vizuri mpaka nikamwonea wivu.

Mwaka huu nimefanya tofauti, tena kwa bahati mbaya tu, ndiyo maana nimefungua uzi.

Sikuandika notisi. Nilisoma ubeti wa tatu kwa sauti:

*Ndoo mbee ujilisi*
*na wino na karatasi*
*moyoni nina hadithi*
*nimependa kukwambia*

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, ndoo ya nini?" Darasa likaangua kicheko. Kabla sijajibu, binti wa mbele akamjibu kwa uzito kabisa: "Si mama anaumwa? Ndoo ya kunawia." Na kweli ubeti wa pili tulikuwa tumeusoma, anaposema maradhi yamemshika hata yametimu mwaka. Mtoto katumia akili. Kakosea, lakini kasoma.

Zamani ningemsahihisha na kuendelea. Safari hii nikasema haya, tuseme si ndoo ya maji. Ni nini? Nikakaa kimya. Dakika mbili nzima (mwalimu anajua dakika mbili za kimya darasani ni ndefu kiasi gani). Wakaanza na "mbee", wakasema labda mbele. Mwislamu mmoja akasema "ujilisi" inamkumbusha majilisi, watu wamekaa. Basi "kitu mbele uketi". Ghafla yule yule wa ndoo akapiga meza: "NJOO! Njoo mbele uketi!"

Wakuu, sijawahi kuona darasa linashangilia neno "njoo".

Kutoka hapo niliwaachia shairi wajitafutie wenyewe. Kama nj ya kwetu ni nd ya Lamu, basi ndia ni njia, ndaa ni njaa, nde ni nje. Kama l inadondoka kwenye mbele, inadondoka wapi tena? Wakagundua na ch yetu kwao inakuwa t, mato ni macho. Wakachora jedwali lao ukutani, wakaliita "Sheria za Kiamu". Sikuwafundisha hata sheria moja.

Siku ya pili nikawapanga wawili wawili. Mmoja analaza kichwa kwenye dawati, yeye ndiye mama mgonjwa. Mwingine ana kalamu ya bua la mtama tuliyoichonga kwa wembe, na kizibo cha wino. Mama anatamka, binti anaandika. Hakuna kalamu ya kawaida. Ubeti mmoja uliwachukua karibu dakika kumi, madoa kila mahali, mmoja alichafua shati la wiki nzima. Ndipo mmoja wa "mabinti" akaacha kuandika akauliza: "Mwalimu, huu utenzi una beti mia na ushei. Mtu mgonjwa. Hii kazi walifanya siku ngapi?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali hilo sijaulizwa miaka minane iliyopita.

Sasa nataka kusikia ninyi mnafanya nini. Si lazima iwe Mwana Kupona. Mashairi ya Muyaka, shairi la Inkishafi, tamthiliya ya Kinjeketile, chochote cha kale au kinachohusu ya kale. Tupieni humu.

#2 Kidumu cha Mbege

Ngoja nivute kiti. Mtoto wa "ndoo ya kunawia" apewe alama zake, alikuwa na hoja.

#3 Bint Amu

Nimecheka mpaka mume wangu kauliza kuna nini. Sisi kwetu "ndoo" ndiyo lugha ya kila siku, mama akikuita chakula kiko tayari anakwambia ndoo. Hata siku moja sikuwahi kufikiri kuna mtu atasikia ndoo ya maji.

Mwalimu Chaki, umefanya jambo zuri, ila nikuongeze moja. Utenzi haukutungwa usomwe kimya. Una mahadhi. Mimi niliusikia kwa nyanya yangu kabla sijajua kusoma, yuwatia kanga nyuzi huku aimba. Tafuta hata rekodi, au mpate mama yeyote wa pwani aliyehamia huko Dodoma, awaimbie beti tano tu. Mtaona mizani haihesabiwi kwa vidole. Ukikosea silabi moja, sauti inajikwaa yenyewe.

Tena angalia ubeti huo huo ulioweka. Ujilisi, karatasi, hadithi. Vina viko wapi hapo? Mtoto mwenye sikio atakwambia havikulingana. Nyanya alipoimba alisema "hadisi", na mambo yakawa sawa. Mwachie mwanafunzi alione hilo mwenyewe, usimwambie.

Jingine: binti anayeitwa kwenye utenzi ana jina. Mwana Hashima. Alikuwa kama wa miaka kumi na saba wakati huo, yaani rika la wanafunzi wako wa kidato cha tano hasa. Babake ni Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji wa kisiwa cha Pate, aliyewasumbua sana Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na watu wake, na alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo msichana kaketi na karatasi mbele ya mama anayekufa na baba hayupo tena. Mwambie darasa hilo kabla hawajaanza kutafuta dhamira.

#4 Kipande cha Ubao

Nitakuwa mbaya humu lakini lazima mtu aseme.

Haya yote ni mazuri kwa mwenye darasa la watu thelathini. Mimi nina sabini na nne, mkondo mmoja, huku nyanda za juu, baridi, madirisha mawili hayana vioo. Muhtasari hauishi. Mtihani wa mwisho hauulizi "ndoo ni nini", unauliza "jadili dhamira tatu kwa kutumia mashairi mawili uliyosoma". Mzazi anataka divisheni. Ukitumia vipindi vinne kuchonga mabua, nani atamaliza tamthiliya?

Na madesa, notisi za kukariri, yapo. Mtoto akikariri madesa anafaulu. Hiyo ndiyo hali.

#5 Chaki Nyeupe

Kipande cha Ubao, hoja yako sikatai. Vipindi vilikuwa viwili, si vinne, na nililipia kwa kufuta vile viwili vya kunakili notisi. Notisi wameandika wenyewe baadaye, mbaya mbaya, lakini zao.

Kuhusu madesa, nimewahi kusahihisha. Unafungua karatasi ya ishirini unakuta sentensi ile ile iliyokuwa kwenye karatasi ya kwanza, mpaka kosa la tahajia ni lile lile. Unatoa alama, lakini unajua hakuna aliyesoma shairi.

@Bint Amu, la Mwana Hashima nimelitumia jana. Nikawaambia: mama kasema, sasa binti ajibu. Kwa utenzi, mizani nane, kina cha bahari "a" kama cha mama. Wasichana wanne walikaa pamoja wakaleta hii, nawawekea kama ilivyo:

*Mama nimeshaandika*
*mkono umenichoka*
*na moja ninalitaka*
*na wewe kuniambia*

*Je, nawe ulipofika*
*nyumbani kwake Mataka*
*machozi yalikutoka*
*ama ulifurahia?*

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa.

#6 Bandari Salama

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi nafundisha kidato cha pili na cha tatu, na darasani nina watoto wengi wanaotoka shule wanaingia chuoni jioni kusoma Kurani. Uzi huu umenikumbusha mmoja wao.

Kijana huyu insha zake zilikuwa aibu. Alama sita juu ya ishirini, saba akijitahidi. Alikuwa anakaa pembeni ya dirisha anaangalia feri. Siku moja nilileta ukurasa wa muswada wa zamani wa Kiswahili, nakala tu, SOAS, chuo cha London, wana hazina kubwa ya miswada yetu na mingi wameiweka kwenye intaneti. Kama mjuavyo, mashairi haya yaliandikwa kwa hati za Kiarabu. Nilibandika ukutani nikasema huu ni Uswahili, nani atausoma?

Wale wa A na B wote kimya. Yule wa dirishani akainuka. Akaenda karibu, akaweka kidole, akaanza kusoma kutoka kulia. Pole pole. Akakwama, akarudi, akasoma tena. Darasa zima lilikuwa linamtazama kana kwamba kaota mabawa.

Lakini utamu ulianza pale alipokwama. Aliniambia, "Mwalimu, hapa sijui ni lipi." Nikamwambia njoo uandike ubaoni. Hati ile ya zamani ina irabu tatu tu, kwa hiyo o na u zinaandikwa kwa alama moja, e na i vilevile. Na herufi ya b mara nyingi ndiyo hiyo hiyo unayoikuta inasimama badala ya p na mb. Basi ukikuta t yenye dhuma (ndiyo hiyo alama ya u na o) na b yenye dhuma, unasoma nini? Tubu? Tupu? Tumbo? Yote matatu yanawezekana! Hakuna kitu ndani ya neno kitakachokwambia. Lazima usome ubeti mzima, uangalie mizani, uangalie kina, uangalie maana, ndipo uamue.

Hapo watoto walielewa kitu ambacho mimi mwenyewe nilikielewa chuo kikuu: kwa nini tenzi hizi zina matoleo yanayotofautiana. Mtu fulani alikaa na muswada, akakwama pale pale alipokwama huyu kijana, akaamua. Mwingine akaamua vingine.

Siku hizi sihitaji hata muswada. Naandika ubaoni kwa herufi zetu za kawaida, T na nafasi, B na nafasi, nawaambia nafasi ni u au o, B ni b au p au mb. Halafu nawapa sentensi tatu tofauti zenye pengo. Dakika kumi na tano inatosha, hata kwa sabini na nne @Kipande cha Ubao.

Na kwa kuwa niko Mombasa siwezi kuondoka bila kumtaja Muyaka bin Haji. Mshairi huyu aliishi wakati wa Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, mji unatishwa na Sayyid Said mpaka ulipotwaliwa 1837. Mashairi yake yanajibizana na washairi wa Lamu, kejeli kwa kejeli. Mimi nanyoosha kamba ya nguo darasani, upande huu Mombasa, upande ule Lamu. Shairi linaning'inizwa kwa kibanio, upande wa pili una siku mbili kujibu kwa mizani na vina vile vile. Asiyejibu kashindwa. Wanaopenda Bongo Fleva na kuchambana mitandaoni hawahitaji maelezo zaidi. Sheria yangu ni moja: humtaji mtu kwa maumbile wala kwa wazazi wake. Muyaka alipiga kwa fumbo, na wewe piga kwa fumbo.

#7 Kidumu cha Mbege

Kuchambana kwa vina na mizani. Humu jamvini tungepewa sheria hiyo nusu ya watu wangehama.

#8 Mmatumbi Halisi

Nimesoma kimya kimya, sasa nichangie kidogo, ingawa changu kilitaka kunifukuzisha kazi.

Nafundisha mkoa wa Lindi, karibu na kule yalikotokea Majimaji. Tunasoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ile ya 1969. Mwaka wa kwanza nilifanya kile kila mwalimu hufanya: mahakama. Kinjeketile kizimbani, waendesha mashtaka, mawakili, hakimu ana kanga begani kama joho. Nilitegemea mjadala mzito. Dakika kumi na tano kesi imekwisha, kifungo cha maisha kwa kosa la kudanganya watu kwamba risasi zitageuka maji. Wakacheka, wakaenda kupumzika. Kwao Kinjeketile alikuwa tapeli na waliomfuata wajinga. Mahakama iliwapa nafasi ya kukaa juu yake na kumhukumu, na hicho ndicho walichofanya. Tangu siku hiyo siipendi mahakama ya darasani, labda anayeijua vizuri zaidi atanisahihisha.

Mwaka uliofuata nikaenda kwingine. Kabla ya vita vya Majimaji habari za maji ya Ngarambe, dawa iliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji, zilienea kwa mnong'ono, mtu kwa mtu, kwa siri. Wazee wetu waliita njwiywila. Nikasema tuifanye.

Asubuhi ya Jumanne nikamwita mwanafunzi mmoja, nikamnong'oneza maneno haya tu: "Maji yapo Ngarambe. Msianze mpaka muambiwe." Nikampa masharti: mwambie mmoja tu unayemwamini, na yeye amwambie mmoja, kwa mnong'ono, msiandike popote. Nitauliza Jumatano kipindi cha kwanza.

Saa kumi na moja jioni kengele inalia. Paredi ya dharura. Mwalimu wa nidhamu kasimama na fimbo, uso umemvimba. Kumbe neno lilitoka darasani kwangu, likaingia bweni la wavulana, likapita jikoni, na lilipomfikia yeye kupitia kiranja lilikuwa: "Maji hakuna, wanasubiri kuambiwa waanze." Na kweli bomba lilikuwa halijatoa maji siku mbili! Yeye akajua ni mgomo. Nikalazimika kusimama mbele ya shule nzima kueleza kwamba ni somo la fasihi. Mkuu wa shule alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Lakini Jumatano, wakuu. Nilimwuliza mtu wa mwisho wa mnyororo wa darasa langu, si ule uliopotelea jikoni, umesikia nini? Akasema: "Maji yapo Ngarambe, tuanze." Nikamwita wa kwanza, akasema alichoambiwa. Darasa likanyamaza. "Msianze mpaka muambiwe" ilikuwa imedondoka njiani, na hakuna aliyeidondosha kwa makusudi. Kila mmoja aliapa alisema vile vile alivyosikia.

Ukishafika hapo, fungua tamthiliya. Kinjeketile wa Hussein anawataka wangoje, na neno linamponyoka mikononi. Sasa hawasemi tena tapeli. Wanasema, "Mwalimu, hata mimi nilimwambia vizuri."

Nikawapa na ya historia: Julai 1905 kule Nandete waling'oa pamba ya Wajerumani. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjeketile Ngwale akanyongwa Mohoro. Yaani kanyongwa vita ndiyo kwanza imeanza, na vita ikaendelea mpaka 1907 bila yeye. Neno lilikuwa limeshaondoka. Ule mwisho wa tamthiliya, anapokataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo ili kuokoa roho yake, ulikuwa unapita hivi hivi zamani. Mwaka huo walibishana mpaka kengele ya chakula ikalia, wakabishana kwenye foleni ya chakula.

Tahadhari moja, toeni taarifa kwa mwalimu wa nidhamu KABLA. Na chungulieni kwanza kama bomba linatoa maji.

#9 Kidumu cha Mbege

"Maji hakuna, wanasubiri kuambiwa waanze." Naomba hii ichapwe kwenye fulana.

#10 Mzee wa Kale

Kijana wa Lindi kanifurahisha. Niongeze jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo kikuu pale Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini kwao wakati wa likizo wakawahoji wazee juu ya Majimaji. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa katika kazi hiyo. Wakati huo wapo wazee waliokuwa bado wanakumbuka kwa macho yao. Mwaka uliofuata tamthiliya ya Hussein ikatoka, naye akaeleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kisanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia.

Nasema hivi kwa sababu mnaweza kuwaonyesha watoto pande mbili: mwanafunzi aliyekwenda kwa mzee na daftari, na mwandishi aliyechukua jambo lile akaligeuza jukwaa. Waulize wametofautiana wapi. Na aliyeko Songea awapeleke watoto Makumbusho ya Majimaji, hasa karibu na tarehe 27 Februari wanapokumbukwa mashujaa wa Kingoni walionyongwa 1906. Si lazima tamthiliya kila siku, kuna na Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi huko huko. Ni wa lugha nyepesi na unasomeka.

#11 Korosho Karanga

Mimi niko Mtwara, na nilikuwa naogopa Inkishafi kuliko mitihani yangu mwenyewe. Mji wa Pate, huko Lamu, umekufa, matajiri wamekwisha, mshairi anauonya moyo wake. Unamwelezaje mtoto ambaye hajafika hata Kilwa?

Nikaanza na mistari miwili tu:

*Madaka ya nyumba ya zisahani*
*sasa walaliye wana wa nyuni*

Madaka, vile vishubaka vya ukutani kwenye nyumba za mawe, walikopanga sahani za thamani ili mgeni azione. Sasa wamelala makinda ya ndege. Basi. Sikusema neno "dhamira".

Tukafunga safari ya miguu, robo saa, mpaka kwenye kiwanda cha korosho kilichokufa zamani. Mlinzi tulimwomba ruhusa, akatuacha tuingie mpaka kwenye ukumbi mkubwa. Kazi yao ilikuwa moja: tafuta kitu kilichokuwa fahari, uandike nani amelala hapo sasa. Kimya, hakuna kuongea kwa dakika ishirini. (Wawili walikutana na nyoka, kimya kikaisha mapema.)

Tulirudi na kuhesabu mizani ya ile mistari miwili, sita na tano, wakatunga kwa mtindo huo. Huu ni wa kijana ambaye bibi yake alikuwa akibangua korosho humo:

*Mashine za chuma zajaa kutu*
*Kibanda cha geti hakuna mtu*
*Popo wametanda juu ya vitu*
*King'ora cha zamu kimenyamaza*

Mstari wa mwisho ndio ulionimaliza. Nilimuuliza king'ora kakijulia wapi, maana hakikuwepo pale. Akasema bibi yake mpaka leo huamka saa ile ile kilipokuwa kinalia.

Baada ya hapo tuliposoma Inkishafi yote hakuna aliyeniuliza Pate iko wapi. Au sawa, mmoja aliuliza, lakini kwa sababu alitaka kwenda.

#12 Sitaki Radhi

Mimi si mwalimu, ni mwanafunzi wa zamani. Nataka kusema kitu kuhusu Mwana Kupona kwa sababu naona mnausifia tu.

Tuliposoma sehemu ya radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume, ambayo anasema ndiyo imekaririwa mno, mwalimu wetu wa kiume alitusomesha kama vile ni sheria ya shule. Wavulana wakatugeukia wakatabasamu. Mimi nilifunga kitabu na sikukifungua tena mpaka nilipokuwa na mtoto wangu wa kike. Kwa hiyo hayo majibu ya wasichana wanne wa Dodoma yameniuma na kunifurahisha kwa pamoja. Natamani mtu angenipa kalamu wakati ule.

#13 Bint Amu

@Sitaki Radhi nakusikia dada yangu. Hata kwetu Lamu wapo wanaoukasirikia na wapo wanaouhifadhi kama chungu cha urithi. Nyanya alipofika kwenye radhi ya tano alikuwa akitazama upande wa babu na kukohoa. Kikohozi hicho hakimo kwenye toleo lolote la kitabu. Mwalimu anayeusomesha bila kikohozi anausomesha nusu.

Na msisahau kwamba mwanamke huyu, katika 1858, alijitungia mwenyewe, akajitaja, akataka binti yake aandike. Hayo nayo yafundishwe pamoja na radhi.

#14 Chaki Nyeupe

Nimechukua kikohozi. Asante.

#15 Kipande cha Ubao

Nimerudi. Wiki moja sijaandika, na sababu ni kwamba sikutaka kuja kukubali mbele yenu.

Jumatano nilikuwa na kipindi cha mwisho, nimechoka, muhtasari uko nyuma. Nikasema acha nijaribu hicho cha Mombasa, dakika kumi na tano, tukishindwa tunarudi kwenye madesa. Nikaandika T, nafasi, B, nafasi. Nikaeleza kama ulivyoeleza Bandari Salama. Sabini na nne, wanne wanne. Kelele ilikuwa kubwa, mwalimu wa jirani alichungulia mara mbili.

Tubu walipata haraka, hapa kwetu makanisa ni mengi. Tupu ikaja. Tumbo ikaja kutoka kwa anayekaa mlangoni, daima wa kwanza kwenye foleni ya chakula. Nikawaambia vizuri, ndiyo matatu yenyewe, fungeni.

Kuna mtoto mmoja mkondo huo, hajawahi kunijibu swali tangu Januari. Akasimama bila kuitwa. "Mwalimu, liko la nne."

Nikamwambia taja.

Akainua mkono wa kulia, akageuza kiwiko cha sweta kila mtu akione, akatia kidole akatokeza upande wa pili. "Tobo."

Bandari Salama, rekebisha orodha yako. Na naomba huo ukurasa wa muswada unitumie ujumbe wa faragha, nimeshaulizwa mara tatu tunauona lini.